Macho ya njano, choo cheupe: jibu kwa dada wa Lushoto

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 64, ni mkulima huku Lushoto. Hii ni wiki ya sita macho yake ni ya njano, mkojo ni wa rangi ya chai, choo kimepauka kabisa, na usiku anajikuna mpaka anatoka damu. Tumbo haliumi na homa hana, ila amekonda, suruali zinamvuka. Malaria hana, homa ya ini B na C hana. Bilirubini 210. Ultrasaundi imeandika kwamba mirija ya nyongo imetanuka, mrija mkuu milimita 16, mfuko wa nyongo umejaa na una mawe mawili madogo, sehemu ya chini haikuonekana kwa sababu ya gesi. Daktari anataka tumpeleke rufaa kwa kipimo cha ERCP, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Mjomba amekataa, anasema ule mpira unaua, na ameshaleta dawa ya miti shamba ya kusafisha ini. Je, hili ni ini? Wakimtoa hayo mawe atapona? Halafu mdogo wangu ana mtoto wa wiki tano, naye macho bado ni ya njano. Inawezekana amerithi kwa babu yake?

JIBU: Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza. Barua yako karibu yote ni ya mzee na mtoto umemweka mstari wa mwisho, lakini mimi nitaanza naye. Mzee anahitaji kushughulikiwa ndani ya siku chache. Mtoto anahitaji kuonwa kesho asubuhi.

Mtoto mchanga kuwa na macho ya njano siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Kwa wengi unjano huisha wenyewe ndani ya wiki mbili, na wanaonyonya maziwa ya mama pekee wanaweza kuendelea wiki kadhaa zaidi bila madhara yoyote. Hapo ndipo muda unapopotea. Mama anaambiwa amwanike mtoto kwenye jua la asubuhi, naye anamwanika, wiki zinakwenda, kila anayekuja kumwona mtoto anasema "itaisha tu". Jua halifungui mrija ulioziba. Mtoto aliyepita siku ya 14 akiwa bado ana unjano anatakiwa apimwe bilirubini, yaani ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, tena si ile ya jumla peke yake. Maabara itoe namba mbili: ya jumla na ya dairekti, yaani ile ambayo ini limeshaishughulikia. Ya jumla ikiwa juu na ya dairekti ikiwa chini, mara nyingi ni maziwa ya mama au chembe za damu zinazovunjika. Ya dairekti ikipanda, hata kidogo, hapo kuna tatizo la ini au mirija ya nyongo, na asirudishwe nyumbani kwa maneno ya kumtuliza mama.

Kabla hata ya damu kuna kipimo kisicho na gharama. Mwambie mdogo wako afungue nepi inayofuata, aisogeze dirishani kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa, aangalie choo. Cha njano iliyokolea, cha kijani, cha kahawia, vyote ni sawa. Cheupe, cha kijivu au cha krimu iliyopauka, nepi baada ya nepi, maana yake nyongo haifiki utumboni. Apige picha kwa simu na aende nayo, kwa sababu ukifika hospitali mtoto huwa hajisaidii kwa wakati unaomtaka. Taiwan walilichukulia jambo hili kwa uzito: tangu mwaka 2004 kila mzazi nchini humo hupewa kadi yenye picha za rangi za choo ndani ya daftari la kliniki, alinganishe mwenyewe. Tangu waanze, watoto wanagundulika mapema zaidi. Natamani kadi hiyo ingekuwa kwenye kadi zetu za kliniki. Ni karatasi tu.

Ninachokiogopa kwa mtoto wa namna hii ni mirija ya nyongo iliyoharibika na kuziba kwa makovu katika wiki za mwanzo za maisha. Mtoto huzaliwa na uzito mzuri, ananyonya, anacheka, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mwaka 1959 daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, alieleza upasuaji wa kuondoa mirija iliyokufa na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja na mlango wa ini ili nyongo ipate pa kutokea. Upasuaji huo ukifanywa kabla ya siku ya 60, nafasi ya nyongo kutiririka tena ni nzuri zaidi. Kadiri siku zinavyosogea ini linazidi kukakamaa na nafasi inapungua. Bila upasuaji, watoto wengi hawafiki miaka miwili, isipokuwa wakipata ini jingine. Wiki tano ni siku 35. Muda upo, lakini ukitoa siku za vipimo na siku za rufaa, si mwingi. Aende hospitali ya mkoa, choo kikiwa kimepauka au bilirubini ya dairekti ikiwa juu aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo kwa daktari wa upasuaji wa watoto. Huenda ni maziwa tu, na mtacheka baadaye. Hajarithi kwa babu yake. Wamekutana tu katika dalili.

Sasa mzee.

Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Nyongo hiyo hutoka kwenye vijirija vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaungana na kuwa vikubwa, mpaka mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, inapokutana chini ya ini na kuwa mrija mkuu. Mfuko wa nyongo umening'inia pembeni kama ghala. Mrija mkuu unashuka, unapita ndani ya kichwa cha kongosho, na kufungukia kwenye utumbo mwembamba kwa kitundu kidogo mno. Ndani ya nyongo mna bilirubini, rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizomaliza muda wake wa takriban siku 120. Rangi hiyo, ikishafanyiwa kazi na bakteria wa utumbo, ndiyo inayokipa choo rangi yake ya kahawia.

Sasa soma tena dalili za mzee. Choo kimepauka kwa sababu rangi haifiki utumboni tena. Mkojo umekolea kwa sababu bilirubini ambayo ini limeshaishughulikia inayeyuka kwenye maji, na ikikosa njia ya chini inarudi kwenye damu na kutokea kwenye figo. Macho na ngozi ni vya njano kwa sababu hiyo hiyo. Muwasho unatokana na vitu vya ndani ya nyongo kujaa mwilini. Kwa kawaida huzidi usiku, na viganja na nyayo ndivyo vinavyosumbua zaidi. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza: ini la mzee linafanya kazi yake. Linachokosa ni njia ya kutolea. Ndiyo maana vipimo vya homa ya ini vimetoka safi, na ndiyo maana dawa ya kusafisha ini, iwe ya mjomba au ya duka la dawa, haina pa kushika. Na kwa kuwa kwenye familia hakukosi mtu wa kutaja homa ya manjano: huo ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu, huja na homa kali na huamuliwa ndani ya siku chache. Hauchukui wiki sita mgonjwa akiwa hana homa.

Namba zenu zinasema hivyo hivyo. Bilirubini ya kawaida ni chini ya mikromoli 20 hivi kwa lita. Yeye ana 210. Mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7, ingawa kwa wazee na kwa waliokwisha kutolewa mfuko wa nyongo unaweza kuwa mpana kidogo. Milimita 16 si upana wa uzee. Kuna kitu kimeukaba kwa chini, na kimeukaba kwa muda.

Swali ni nini kimeukaba, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu yale mawe mawili yanaweza kuwapoteza.

Mawe kwenye mfuko wa nyongo ni ya watu wengi. Wengi huishi nayo na kufa nayo bila kujua. Mawe yakiwa ndani ya mfuko hayaleti macho ya njano. Yanayoleta ni yale yaliyotoka mfukoni na kukwama kwenye mrija mkuu. Na jiwe likikwama kwenye mrija, kwa kawaida linauma: maumivu makali juu ya kitovu au upande wa kulia, yanayokuja na kuondoka, mara nyingi na unjano unaopanda na kushuka. Mzee wako hana maumivu, na unjano wake unapanda tu. Halafu kuna lile neno la ripoti, "mfuko wa nyongo umejaa". Mwaka 1890 daktari Ludwig Courvoisier wa Uswisi aliandika jambo ambalo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa mpaka leo: mgonjwa wa manjano ambaye mfuko wake wa nyongo umevimba, unapapasika na hauumi, kuna uwezekano mdogo kwamba tatizo ni jiwe. Mfuko uliokaa na mawe kwa miaka huwa umekakamaa kwa makovu, hauwezi kutanuka. Unaotanuka ni ule uliokuwa mzima mpaka njia ilipozibwa polepole kutoka chini. Kanuni hiyo ina watu wanaoivunja, lakini kwa mzee wa miaka 64 anayekonda siwezi kuipuuza.

Kwa hiyo kumtoa mfuko wa nyongo na mawe yake, kama mlivyokuwa mnafikiria, kunaweza kumletea kidonda cha bure huku kinachomziba kikibaki palepale. Msikubali upasuaji wowote kabla ya picha nzuri ya sehemu ile ya chini ambayo ultrasaundi haikuiona. Aliyefanya kipimo hakukosea. Utumbo wenye gesi umekaa mbele ya mwisho wa mrija, na mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye gesi. Hata mashine ya bei kubwa hukosa mawe mengi ya pale chini.

Sitakuficha kinachonijia kichwani kwanza: uvimbe. Sehemu ile yanakutana maeneo matatu yanayoweza kuota saratani na kuleta dalili zilezile: kichwa cha kongosho, mwisho wa mrija wenyewe, na kile kitundu cha kufungukia utumboni. Kwa mgonjwa yanafanana, kwa matokeo hayafanani. Saratani ya kitundu huziba mapema ikiwa bado ndogo, hivyo mara nyingi inakutwa bado inatoleka. Ya kongosho kwa kawaida inakutwa imeshatambaa. Wanaofaa kupasuliwa siku ya kugundulika ni kama mmoja kati ya watano. Ipo pia inayoota juu, pale mrija wa kulia na wa kushoto inapokutana, lakini hiyo hukaba juu ya mlango wa mfuko, na mfuko huwa mtupu. Wa mzee umejaa, kwa hiyo tatizo liko chini. Ona ni kiasi gani cha habari kimo ndani ya ripoti ya mistari minne.

Lakini uvimbe si jibu pekee, na nimeona familia zikikata tamaa kabla ya kipimo. Jiwe lililokwama bila maumivu lipo, hasa kwa wazee. Tezi za kifua kikuu zilizovimba kwenye mlango wa ini hukaba mrija, na hizo zinapona kwa dawa za kifua kikuu. Mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 100, anaweza kupata mirija iliyosinyaa kwa maambukizi. Sijaona kipimo cha VVU kwenye barua yako, naye apimwe kama mtu mwingine yeyote. Mtu mwenye selimundu (siko seli) hupata mawe meusi ya nyongo akiwa bado kijana. Aliyewahi kupasuliwa mfuko wa nyongo anaweza kuwa mrija wake ulijeruhiwa siku ile. Kuna pia magonjwa mawili ambayo kinga ya mwili inaishambulia mirija yenyewe: moja ni la wanawake wa makamo zaidi na linaharibu vijirija vidogo, dawa yake ni asidi ya ursodeoksikoli, jingine linafuatana na vidonda vya utumbo mpana na linajulikana zaidi Ulaya ya kaskazini. Hilo la kwanza haliutanui mrija mkuu kufika milimita 16, kwa hiyo mkiandikiwa ursodeoksikoli peke yake mkaambiwa mrudi baada ya mwezi, ulizeni inaenda kutibu nini.

Minyoo nayo ipo kwenye orodha, na kwa kuwa mzee ni mkulima nitaigusa. Mnyoo mkubwa wa duara, ule mrefu wa utumboni, hupanda wakati mwingine kupitia kile kitundu na kuingia kwenye mrija. Ultrasaundi huuona ukijipinda. Mwingine mnaufahamu bila kujua. Ukinunua ini la ng'ombe buchani ukalikata ukakuta mirija myeupe iliyovimba na kukakamaa, kisu kinakwaruza, na ukibonyeza kinatoka kidudu bapa chenye umbo la jani, hiyo ndiyo minyoo ya ini ya mifugo, na ile mirija unayoiona ni mirija ya nyongo. Mkaguzi wa nyama hukata sehemu hiyo na kuitupa. Kula ini hilo hakumwambukizi mtu. Maambukizo hutoka kwenye majani mabichi yanayoota majini na kwenye maji ya bondeni mnakonyweshea ng'ombe. Kwa binadamu hapa kwetu ni nadra. Thailand ya kaskazini mashariki na Laos wana aina yao nyingine, wanayoipata kwa kula samaki wabichi wa maji baridi, na huko minyoo hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mirija ya nyongo. Samaki wetu wa kukaanga hawana kesi hiyo.

Sasa ERCP na mjomba.

Mjomba hajazua. Ni mpira mwembamba wenye kamera, unapita mdomoni, tumboni, mpaka kwenye kile kitundu. Daktari anaingiza waya, anatia dawa inayoonekana kwenye eksirei, na akikuta jiwe anapanua kitundu na kulivuta, akikuta pamebana anaweka kijibomba cha kupitishia nyongo tunachokiita stenti. Ulianza mwaka 1968 kama kipimo, na mwaka 1974 Wajerumani na Wajapani wakaanza kukata kitundu na kutoa mawe kwa njia hiyo. Hatari yake kubwa ni kongosho kuvimba: kati ya watu 3 na 10 katika kila 100 hupatwa, wengi kwa kiasi kidogo cha kulazwa siku chache, wachache kwa ukali. Kutokwa damu na kutoboka utumbo kupo lakini ni nadra, na vifo vinavyotokana na kazi yenyewe ni chini ya mmoja kati ya 100. Mwambie mjomba namba hizo, kisha mwambie na nyingine: mrija uliozibwa ukishambuliwa na bakteria huua kwa haraka zaidi kuliko mpira huo.

Ninapokubaliana na mjomba, ingawa kwa sababu nyingine, ni kwamba ERCP isiwe ya kwanza. Siku hizi haifanywi kwa ajili ya kutazama tu, hufanywa kutibu. Cha kwanza kwa mzee ni sitii skani ya tumbo yenye dawa ya mshipa, inayopigwa maalumu kwa ajili ya kongosho, baada ya kupima figo kwa kreatinini. MRI ya mirija ya nyongo pia ni nzuri, haina mpira wala mionzi, ila kwa tuhuma ya uvimbe sitii skani ndiyo inayomwambia mpasuaji kama mishipa mikubwa imeguswa. Na ipigwe kabla ya stenti. Stenti ikishaingia, mrija unanywea na eneo lote linavimba kidogo, na picha inayopigwa baada ya hapo inasomeka kwa shida. Nimepokea wagonjwa waliotanguliziwa stenti bila picha, na kila mara tunabaki kubishana kama tunachokiona ni uvimbe au ni jeraha la stenti.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya madaktari hulifanya kwa mazoea. Ikionekana ni uvimbe unaotoleka na mpasuaji yuko tayari ndani ya wiki moja hivi, si lazima kumwekea stenti kwanza ili macho yawe meupe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha wagonjwa wenye uvimbe wa kichwa cha kongosho na bilirubini kati ya 40 na 250: waliopasuliwa moja kwa moja walipata matatizo makubwa asilimia 39, waliotanguliziwa stenti asilimia 74. Mzee yumo ndani ya kiwango hicho kwa sasa. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali ambapo chumba cha upasuaji kinapatikana wiki hiyo hiyo. Mkiambiwa foleni ni wiki sita, au bilirubini ikaendelea kupanda, stenti inakuwa ya haki. Ya plastiki hudumu kama miezi mitatu na lazima ibadilishwe, si ya kusahaulika. Ya waya wa chuma hudumu zaidi na bei yake ni kubwa.

Kabla ya kupanda basi, pigeni simu hospitali mnayopewa rufaa. Ulizeni: sitii skani inafanya kazi? Mtaalamu wa ERCP yupo wiki hii? Nauli ya watu watatu kwenda kukuta mashine mbovu na kurudi imeshawaondoa wengi kwenye matibabu. Bebeni picha zenyewe za ultrasaundi na majibu yote ya maabara, si cheti cha rufaa peke yake. Mtaona pia kipimo cha damu cha kutafuta dalili za saratani, kinachoitwa CA 19-9, kikipendekezwa. Kipimwe wakitaka, lakini kikirudi juu msilie: kizuizi chochote cha nyongo, hata cha jiwe, hukipandisha.

Mambo mawili hayasubiri rufaa. La kwanza ni homa. Mwaka 1877 Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyataja matatu yanayokuja pamoja: homa yenye kutetemeka, macho ya njano, na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu. Hiyo ni nyongo iliyotuama na kuoza ndani ya mrija. Yakiongezeka kuchanganyikiwa na presha kushuka, ni suala la saa. Kwa mzee huwa si lazima yatimie yote; akitetemeka tu usiku, hata bila maumivu, msimpe dawa ya malaria mkangoja kukuche. Mpelekeni hospitali yenye kulaza usiku huo huo, aanzishiwe antibayotiki za mshipa, na mrija ufunguliwe haraka kwa mpira, au kwa sindano inayopitia ngozi mpaka ndani ya ini pale ambapo mpira haupo. Antibayotiki peke yake hutuliza tu, kwa sababu haifiki vizuri kwenye nyongo iliyosimama.

La pili ni damu. Vitamini K haifyonzwi utumboni bila nyongo, na ini linaihitaji kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Baada ya wiki sita akiba inakuwa imeisha. Uliandika anajikuna mpaka anatoka damu. Angalia kama inachelewa kukauka, kama fizi zinatoka damu akipiga mswaki, kama ana mabaka ya bluu asiyoyakumbuka. Mwombe daktari wenu wa hapo apime kuganda kwa damu, kipimo cha INR, na amchome vitamini K ya sindano. Ni dawa ya bei ndogo na hospitali nyingi za wilaya wanayo. Ikisahaulika, kipimo au upasuaji huahirishwa mlangoni. Kama anatumia aspirini, au diklofenaki ya mgongo kama wakulima wengi wa umri wake, aiache mpaka aonwe. Akihitaji kituliza maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha daktari.

Kuhusu chupa ya mjomba, sijui ndani mna nini na naamini hata yeye hajui kwa ukamilifu. Baadhi ya mizizi na majani huumiza ini na figo, na mzee anaingia kwenye sitii skani yenye dawa inayopita figo hizo hizo. Mweleze mjomba kwa heshima kwamba hakuna anayeidharau, inawekwa kando kwanza mpaka njia ifunguke. Wapo pia wanaomnywesha mgonjwa glukosi asubuhi na jioni "kulinda ini". Haimdhuru kama hana kisukari, ila kisukari kipya kwa mtu wa umri huu anayekonda ni dalili mojawapo ya tatizo la kongosho, kwa hiyo pimeni sukari yake kwanza. Ale anachokiweza, kidogo kidogo, mafuta yawe machache kwa kuwa bila nyongo hayasagiki na humletea choo chenye kuelea na harufu kali. Maharage, samaki, mayai, maziwa, vyote ale. Hakuna chakula cha rangi ya njano kinachozidisha ugonjwa huu.

Limebaki la muwasho, ambalo kwa mzee mwenyewe naamini ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Akate kucha, aoge maji ya baridi, apake mafuta mepesi yasiyo na manukato, avae pamba. Piritoni itamlaza usingizi lakini muwasho wa nyongo hauigusi sana. Poda ya kolestiramini hufanya kazi ndani ya utumbo kwa kunasa vitu vya nyongo, na kwake hakuna nyongo inayofika huko, kwa hiyo msitumie pesa kuitafuta. Rifampisini, ile ile ya kifua kikuu, husaidia baadhi ya watu, lakini inaweza kuumiza ini na aiandike daktari anayemfuatilia kwa vipimo. Dawa yenyewe ni kufungua njia, na hii ni sababu ya kwenda hata kama sitii skani itasema uvimbe hautoleki: stenti peke yake, bila upasuaji, huondoa muwasho ndani ya siku chache, mara nyingi mzee ameshaanza kulala usiku kucha wakati macho bado ni ya njano.